Tundu la bolti laweza kuozesha sitaha nzima

WAPENZI wa matanga nchini Marekani wasio na fedha za kulipia maegesho ya bandarini hununua mashua ndogo inayobebwa kwa trela. Mashuhuri miongoni mwake ni Catalina 22, iliyosanifiwa na Frank Butler wa California mwaka 1969. Zimeundwa zaidi ya 15,000, na nyingi za miaka ya 1970 zingali zinauzwa mkono kwa mkono kwa bei nafuu.

Chombo hicho kina urefu wa mita 6.5 na uzito wa takriban tani moja. Mwenyewe hukiweka uani kwake, na siku ya mapumziko hukivuta kwa gari hadi ziwani au pwani. Ukarabati pia huufanya mwenyewe, kwa drili na spana, kwani karakana za mashua hutoza fedha nyingi.

Kazi inayopendwa mno ni kuzirefusha henza, yaani kamba za kupandishia matanga, zitoke chini ya mlingoti hadi nyuma karibu na usukani. Sababu yake ni nzito. Upepo unapochacha, baharia aliye peke yake hulazimika kuacha usukani na kutambaa juu ya sitaha yenye utelezi ili ashushe tanga. Akianguka majini, hakuna wa kukigeuza chombo kumfuata.

Kinachohitajika ni kapi kadhaa za kuielekeza kamba na vibanio vya kuishikilia. Vifaa vyenyewe hupatikana dukani. Ugumu upo kwenye matundu ya bolti zake.

Sitaha ya mashua hizo si faibaglasi tupu. Ni matabaka mawili membamba ya faibaglasi yenye mbao katikati, mbao ambazo huipa ugumu bila kuongeza uzito mwingi. Tundu lisilozibwa vyema hupitisha maji kidogo kidogo, nayo yakishaingia hayana njia ya kutokea. Mbao huoza. Katika majimbo ya kaskazini maji hayo huganda wakati wa baridi, hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kuyabandua matabaka. Mwenye mashua hugundua miaka kadhaa baadaye, pale anapokanyaga na kuhisi sitaha ikibonyea.

Mafundi makini hutoboa tundu kubwa kuliko bolti, hukwangua mbao kidogo pembeni, kisha hulijaza lote kwa epoksi iliyofanywa nzito. Ikishakauka, hutoboa upya katikati ya epoksi hiyo tundu la kipimo halisi. Hapo hata maji yakipenya, hayaigusi mbao. Kazi ya saa moja huwa ya siku mbili, na wengi hushindwa kuvumilia.

Kisha huwekwa kizibo laini, kama utepe wa butili, chini ya kifaa. Silikoni ya madirishani haifai sana. Huachia upesi, na mabaki yake huzuia kizibo kingine kushika. Gundi ya poliyurithini nayo hushika mno, hata siku ya kukibandua kifaa hung'oka na kipande cha sitaha. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, wanaokalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wangelielewa jambo hili bila maelezo: kizibo chema ni kile kinachoweza kutolewa na kutiwa kingine.

Aidha, chini ya sitaha huwekwa bamba la alumini au la faibaglasi ili nguvu isambae. Kapi inayoigeuza kamba irudi ilikotoka hubeba mara mbili ya mvuto wa kamba yenyewe. Inayoigeuza kwa pembe mraba hubeba kama mara 1.4. Washa ndogo pekee huweza kuzama ndani ya faibaglasi.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, anayenunua mashua ya miaka hiyo yenye mkuku wa kukunja asianze na henza. Mkuku huo ni chuma cha kusubu cha kilo 250 hivi, unaoning'inia kwenye pini moja na kuinuliwa kwa waya na winchi. Pini ikilika, mkuku hugonga usiku kucha chombo kikiwa nangani. Waya ukikatika, chuma hicho huanguka kwa kishindo na huweza kuupasua mwili wa mashua. Kitambaa kikipitishwa juu ya waya kikanasa, nyuzi zimeanza kukatika, na waya hubadilishwa siku hiyo hiyo mashua ikiwa bado juu ya trela, mkuku ukiwa umeegemezwa imara kwa magogo kabla mtu hajaingiza mkono chini yake.