Heshima Katika Kazi ya Askari Polisi

Askari polisi wa Kenya wana maneno yao mazuri: "Utumishi kwa Wote." Basi yafaa tujiulize, mtumishi ni mtu wa namna gani?

Siku moja nilimsindikiza jirani yangu, mama mzee, mpaka kituo kimoja cha polisi katika mitaa hii ya mashariki ya Nairobi. Cherehani yake ilikuwa imeibiwa. Askari wa zamu hakuinua hata uso. Alimkemea, "Wewe mama, sema upesi!" Mzee akajibu kwamba hajui kitu, akageuka aende zake. Mlangoni askari mwingine akamwambia, "Karibu mama, keti." Akayaandika maneno yake yote katika kitabu cha matukio, akampa namba ya shauri lake. Ndipo mama alipomtaja kijana aliyemshuku, na kabla ya Jumapili cherehani ilipatikana. Kituo kilikuwa kimoja na sheria ilikuwa moja. Adabu tu ndiyo iliyotofautiana.

Hofu ya watu wa mitaa hii haikuzuka bure. Tarehe 24 Aprili 1954, Serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Kaloleni, Bahati na mitaa mingine ilizingirwa, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Tena Machi 2020, wakati wa kafyu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akafa akiwa katika roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, na askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Mambo kama hayo hayasahauliki upesi, nayo huwafunga watu vinywa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 244, yawaagiza polisi wawe na ustadi, nidhamu na kuheshimu haki za binadamu. Kifungu cha 49 chasema kwamba mtu akamatwaye aelezwe sababu mara moja, kwa lugha aifahamuyo. Na raia aliyeonewa aweza kupeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Tusitoe hongo, tusifiche wezi, wala tusimtukane askari atendaye haki. Wazee walisema, heshima si utumwa. Askari amwitaye mzee "mama" hapunguzi mamlaka yake hata kidogo. Hupata habari ambazo rungu haliwezi kuzitoa.