Joto la Jua na Injini ya Mafuta ya Mimea: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wamiliki wa nyumba za kulala wageni, shule za bweni na zahanati mkoani Simiyu huhitaji maji ya moto na umeme kila siku. Mtambo unaounganisha joto la jua na injini ya mafuta ya mimea unaweza kutoa vyote viwili. Hata hivyo, ni vyema mtumiaji aelewe kazi ya kila sehemu kabla ya kulipa.

Sehemu ya kwanza ni kifaa cha kukusanya joto, kinachofungwa juu ya paa. Kifaa hiki si paneli ya umeme. Hakiwashi taa, bali hupasha moto maji yanayopita katika mabomba yake meusi. Maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 kwa umeme hutumia karibu uniti 5. Jua la Bariadi hufanya kazi hiyo bila ankara.

Sehemu ya pili ni injini ya dizeli inayozungusha jenereta. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa umeme. Inayobaki hutoka kama joto. Mtambo uliosanifiwa vizuri huchukua sehemu ya joto hilo kutoka katika maji ya kupozea injini na kulipeleka kwenye tangi, hasa usiku na siku za mawingu.

Tahadhari kubwa ni mafuta. Simiyu ni mkoa wa pamba, na mbegu za pamba hutoa mafuta; lakini mafuta hayo pia ni chakula, hivyo bei yake hufuata soko la mafuta ya kupikia. Aidha, mafuta ghafi ya mimea ni mazito na huziba nozeli za injini. Hayana budi kusindikwa kuwa biodizeli, kazi inayotumia methanoli, ambayo ni sumu na hushika moto upesi. Usiifanye nyumbani. Ikumbukwe pia kwamba miradi mikubwa ya mibono iliyoanzishwa Kilwa na Kisarawe ilikwama.

Kwa hiyo, tunakushauri:

1. Pata kwa maandishi aina ya mafuta, mahali yanapopatikana na masharti ya dhamana.
2. Kokotoa gharama: lita moja katika jenereta ndogo hutoa takriban uniti 3 au pungufu. Gawa bei ya lita kwa 3, kisha linganisha na bei ya uniti ya TANESCO.
3. Tumia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, naye afunge swichi ya kubadilishia. Bila swichi hiyo, umeme wa jenereta unaweza kurudi kwenye nyaya za gridi na kumuua fundi aliye kazini.
4. Weka injini nje ya jengo. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa sehemu zote mbili, anza na joto la jua, kwani halihitaji kununuliwa mafuta.