Msamaha Huanzia Kituoni

Mwezi Aprili 2015, baada ya magaidi kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Serikali ya jirani zetu wa Kenya ilitangaza msamaha. Vijana waliojiunga na Al-Shabaab nchini Somalia walipewa siku 10 kujisalimisha. Hiyo ilikuwa hatua ya busara. Hata hivyo, ahadi ya Serikali hutimizwa, au huvunjwa, na askari polisi anayempokea kijana kituoni.

Mama wa Kwale ambaye mwanawe amerejea usiku hujiuliza swali moja: nikimpeleka polisi, nitamwona tena? Akikosa jibu, humficha. Kijana hubaki mikononi mwa waliompotosha, nao polisi hukosa habari alizo nazo.

Kwa hiyo hapana budi kijana apokewe mbele ya mzazi na chifu wake, jina lake liandikwe, na ahojiwe bila kupigwa. Aliyemwaga damu afikishwe mahakamani. Aliyedanganywa kwa ahadi ya kazi apewe ulinzi na njia ya kujipatia riziki. Huko si kuwabembeleza magaidi, bali ni kuwanyang'anya wafuasi.