Nyumba Njema si Mlango

Wengi wa wasomaji wetu, waume kwa wake, wanaijua vyema barua ya uhamisho. Barua hufika asubuhi, na kabla ya juma kwisha masanduku yamekwisha fungwa, watoto wameondolewa shuleni, na mama wa nyumba anajiuliza swali ambalo halikuandikwa katika barua ile: huko tuendako tutalala wapi? Bwana ana kazi inayomngoja na wenzake watakaompokea. Bibi hangojewi na mtu. Yeye atashuka na watoto, vyungu na magodoro, na kutakiwa kuyageuza hayo yote kuwa nyumba kabla ya jua kuchwa.

Juma hili tunawasimulia habari za familia moja iliyokutana na swali hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika mji wa Calcutta nchini India, ambao leo huitwa Kolkata. Baba wa familia hiyo alikuwa William Carey, mmisionari wa Kiingereza, ambaye kwanza alikuwa mshona viatu na ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kutafsiri na kupiga chapa vitabu katika lugha za India. Juu ya kazi yake mengi yamekwisha andikwa. Katika ukurasa huu wa nyumbani twapenda kumtazama zaidi mkewe, Bibi Dorothy, na nyumba alizopitishwa.

ALIKUBALI KWA SHARTI MOJA

Bibi Dorothy hakupenda kwenda. Alikuwa mja mzito, hakujua kusoma wala kuandika, na alikwisha zika watoto wawili wa kike. Alipokataa, mumewe aliazimia kutangulia pamoja na mtoto wao wa kwanza, Felix. Lakini meli waliyoipanda iliwashusha kabla hawajaiacha pwani ya Uingereza, kwa sababu hawakuwa na hati ya ruhusa ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, ambayo ndiyo iliyoitawala Bengali siku zile na ambayo haikuwataka wamisionari.

Katika kuchelewa huko, Bibi Dorothy alijifungua mtoto wa kiume, Jabez. Bwana Carey na mwenzake, daktari John Thomas, wakarudi kumsihi. Safari hii alikubali, kwa sharti kwamba ndugu yake wa kike, Kitty, afuatane naye. Siku ya 13 Juni, 1793, waling'oa nanga katika meli ya Denmark, mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili. Walifika Calcutta tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, baada ya miezi mitano baharini.

PAA TANO KATIKA MIEZI SABA

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kupanga, mjini Calcutta. Maisha ya mji ule yalikuwa ghali mno kwa mtu asiye na mshahara. Familia ilikuja na bidhaa za kuuza ili ipate fedha za kuanzia maisha, na bidhaa hizo ziliwekwa mikononi mwa daktari Thomas, mtu mwema wa moyo lakini asiyejua kuhesabu, ambaye tena alikuwa na madeni ya zamani mjini humo. Haukupita muda mrefu fedha zikayeyuka. Wala haikuwezekana kuomba nyingine upesi, kwa maana barua ilikwenda Uingereza kwa miezi mitano, na jibu lilirudi kwa miezi mingine mitano.

Wakahamia Bandel, mji mdogo wa Wareno kando ya mto Hooghly, ambako maisha yalikuwa rahisi kidogo. Hapo nako hawakudumu. Walirudi Calcutta kwa tumaini la kazi katika bustani ya mimea ya serikali, wakakuta kazi hiyo imekwisha pata mtu. Ndipo mkopeshaji fedha mmoja wa Kibengali alipowaazima nyumba ndogo nje ya mji, mahali paitwapo Manicktolla. Humo ndimo Bibi Dorothy na wanawe wawili wakubwa walipougua ugonjwa wa kuhara damu. Bwana Carey mwenyewe aliandika kwamba mkewe na shemeji yake walikuwa wakinung'unika kwa kukosa hata mkate. Wakati huo daktari Thomas alikuwa akikaa mjini katika hali nzuri. Msomaji atauona mwenyewe uchungu wa mama yule.

Februari 1794 waliingia tena mashuani, wakaelekea misitu ya Sundarbans, nchi ya mikoko, mamba na chui milia. Walikuwa wameambiwa kwamba huko ardhi ilipatikana. Walipofika Debhatta, chakula chao kikiwa karibu kwisha, walikutana na Mwingereza mmoja aliyesimamia kazi ya chumvi ya Kampuni, Bwana Charles Short. Bwana huyo hakuwajua kabisa, wala hakuwa mtu wa dini. Hata hivyo aliwafungulia nyumba yake, akawaambia wakae hata nusu mwaka wakipenda. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bwana Short hakumpa mtu jembe. Baadaye alimposa Kitty, wakaoana.

Bwana Carey alikuwa ameanza kujenga kibanda cha mianzi alipopata habari kwamba Bwana George Udny, mfanya biashara, anahitaji msimamizi wa kiwanda cha nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo, mahali paitwapo Mudnabati. Mshahara ulikuwa rupia 200 kwa mwezi, pamoja na nyumba ya matofali ya ghorofa mbili. Walifika huko Juni 1794, baada ya safari ndefu ya mtoni. Katika miezi saba walikuwa wamekwisha lala chini ya paa tano.

NYUMBA KUBWA, MSIBA MKUBWA

Mtu angedhani kwamba sasa taabu imekwisha. Mshahara upo, nyumba ipo tena ya fahari. Lakini mahali pale palikuwa pa homa, na Kitty, mtu pekee wa kwao aliyemliwaza Bibi Dorothy, alikuwa amebaki mbali kwa mumewe. Mwaka ule ule mtoto wao Peter, wa miaka mitano, aliugua akafa. Majirani wengi, kwa desturi za matabaka yao, hawakuweza kushika maiti wala kuchimba kaburi lake. Mwishowe walipatikana Waislamu wanne waliokubali kulichimba.

Tangu mwaka 1795 akili ya Bibi Dorothy ilivurugika, wala haikupona tena. Alimshuku mumewe mambo yasiyokuwapo na kumpigia makelele mbele za watu. Hatusemi kwamba kuhamahama peke yake ndiko kulikomwuguza, kwa maana magonjwa ya akili yana sababu nyingi. Lakini mama aliyehamishwa mara tano, akaugua, akatengwa na ndugu yake, kisha akazika mtoto ugenini, alikuwa amebebeshwa mzigo ambao wengi hawauwezi.

NYUMBA YA SERAMPORE

Mwishoni mwa mwaka 1799 wamisionari wapya waliwasili, miongoni mwao William Ward, mpiga chapa, na Joshua Marshman na mkewe Hannah, walimu. Kampuni ilipowazuia kwenda bara, walikaa Serampore, mji mdogo uliokuwa chini ya Denmark, ng'ambo ya mto kutoka kambi ya jeshi la Waingereza ya Barrackpore. Carey na familia yake wakajiunga nao Januari 1800.

Hapo walipiga hesabu ambayo kila mwenye nyumba angefaa kuijua. Nyumba kubwa kando ya mto iliuzwa kwa rupia 6,000. Bei iliwatisha. Lakini waliona kwamba kodi ya miaka minne tu ingetimiza bei hiyo, na mwisho wa miaka minne mpangaji angetoka mikono mitupu. Wakainunua. Ilikuwa na baraza pana, ukumbi, vyumba vya kila upande, ghala lililofanywa nyumba ya mtambo wa kupiga chapa, bustani, na bwawa la maji.

Jambo lililoisimamisha nyumba ile, hata hivyo, halikuwa kuta zake. Familia zote zilikaa pamoja, zikala meza moja, zikaweka mapato yote katika mfuko mmoja, na kusimamia mambo ya nyumba kwa zamu, kila mmoja mwezi wake. Jioni ya kila Jumamosi waliketi kusemezana yaliyowaudhi katika juma, ili neno lolote lisilale likawa donda. Bibi Hannah Marshman na mumewe walifungua shule za bweni, na ada zake zikasaidia kuilisha nyumba nzima. Wana wa Carey, waliokuwa wamekua bila malezi ya karibu, walipata hapo watu wa kuwaangalia.

Kwa Bibi Dorothy msaada huo ulikuja ukiwa umechelewa. Alikaa chumbani chini ya uangalizi, huku katika chumba cha jirani mumewe akiendelea na tafsiri zake, mpaka alipofariki mwezi wa Desemba, 1807.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu msomaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mudnabati palikuwa na ghorofa mbili, na mama aliteketea ndani yake. Kibanda cha kuazima chenye jirani mwema chaweza kuwa na faraja kuliko jumba la upweke.

Kwa hiyo bwana apatapo uhamisho, kama inawezekana atangulie na kutazama mahali pa kulala, maji na zahanati, kabla ya kuwaita watoto. Fedha za kuanzia maisha zisiwekwe mikononi mwa mtu mmoja asiyetoa hesabu. Na bibi anaponung'unika juu ya nyumba, asihesabiwe kuwa mtu mwenye moyo mdogo. Asikilizwe siku ile ile, kama walivyosikilizana watu wa Serampore kila Jumamosi.

Nasi tuliotangulia kufika tuna wajibu wetu. Lori likisimama jioni mbele ya nyumba ya jirani, na mama asiyejulikana akishuka na mtoto mgongoni, tusimchungulie dirishani. Tumpelekee moto, maji na chai, tumwonyeshe soko lilipo, na kesho yake turudi tena kumwuliza ameamkaje.