Tere inalinda mtu, haiongezi utamu wa muziki



Mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, kiongozi wa kwaya yetu alinipigia simu. "Agronome, kuja utusaidie. Bafle ziko nalia mmmm siku nzima. Kuko kijana moja analeta kisanduku cha kutosha ile makelele, anaomba dolari 400." Mimi nilisoma agronomia, si umeme. Lakini kwetu, ukisha kuvaa toga mara moja, wanakuita kwa kila kitu: simu yenye kufa, barua ya kupeleka komine, mbuzi mwenye kuhara. Nikaenda.

Kisanduku kilikuwa cha mbao nzuri, kizito, na skuru moja ya shaba nyuma. Unafunga waya moja kutoka ampli mpaka kwenye ile skuru, basi. Haiendi mu udongo, haiendi kwa prizi. Kijana alisema ndani muko madini yenye "kunywa uchafu wa umeme".

Ile wazo hakuitunga yeye. Ulaya na Marekani kuna wapenzi wa muziki wenye vyombo vya bei kali sana, na biashara hii inawafuata. Entreq ya Sweden inauza visanduku vya mbao vyenye mchanganyiko wa madini ndani. Nordost ya Marekani nayo ina visanduku vyake vya tere. Mu biashara hiyo bei inaweza kufika maelfu ya dolari. Wanunuzi wengi wanaapa kwamba sauti imekuwa safi zaidi. Siwaiti waongo. Ninauliza tu: kile wanachosikia kinatoka mu kisanduku, ao mu matumaini yao?

Tuanze na tere yenyewe. Ni ile waya ya rangi ya kijani na manjano. Kazi yake ni moja: siku waya yenye umeme inakatika ndani ya chombo na kugusa chuma cha inje, ule umeme upate njia ya kurudi pasipo kupitia mwili wako. Ni kinga ya mtu. Muziki wenyewe hauiombi. Ushahidi uko mu mfuko wako: simu inatumia batri, haifungwi na udongo wowote, na ukivaa ekuta hausikie mmmm. Ndege nayo inaruka mbali na udongo, lakini rubani anasikia redio yake.

Sasa ile mmmm inatoka wapi? Umeme wetu unageuka mwelekeo wake na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukichomeka mikseri kwa prizi ya huku na ampli kwa prizi ya kule, kisha ukaviunganisha na waya ya sauti, unatengeneza duara: tere ya prizi ya kwanza, mikseri, waya ya sauti, ampli, tere ya prizi ya pili. Umeme mdogo unazunguka mu lile duara na kuingia mu sauti. Kisanduku chenye kufungwa kwa waya moja hakikati duara. Umeme unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, na pale hakuna ya kurudi. Kwa mawimbi ya juu sana kama ya redio, kipande cha chuma kinaweza kubadilisha kitu kidogo, hiyo ninakubali. Lakini kitu kama hicho kinapimwa kwa chombo. Basi muuzaji alete vipimo, asilete maneno matamu.

Tulijaribu. Tulipofunga kisanduku, mmmm iliendelea vilevile. Kijana akasema: "Usisikilize makelele, sikiliza muziki." Na mpiga gita wetu akakubali: "Kweli, sauti imefunguka!"

Hapo njo agronomia ilinisaidia. Sisi hatuamini mbolea juu mkulima ameipenda. Tunaweka shamba la kulinganisha lisilotiwa kitu, tunachagua viwanja kwa kura, tunarudia. Mwenye kututengenezea sehemu kubwa ya njia hiyo ni Ronald Fisher, aliyefanya kazi mu kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Mu kitabu chake cha 1935 anaeleza habari ya mama mmoja aliyesema anaweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitiwa mu kikombe mbele ya chai ao nyuma. Dawa yake: vikombe 8, vinne hivi na vinne vile, vimechanganywa, mama haoni chochote. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya nane. Mwenye kubahatisha tu anapata yote sawa mara moja kwa 70.

Tukafanya vile. Mpiga gita alikaa nyuma ya pazia. Wimbo mmoja, sauti kipimo kimoja, mara 8: mara nne na kisanduku, mara nne bila, mpango ukitoka kwa kura. Tukamwambia achague zile nne zenye kisanduku. Alipata mbili tu. Mwenye kubahatisha anapata mbili zaidi ya nusu ya wakati. Alicheka mwenyewe. Jaribio moja haliwezi kuhukumu visanduku vyote vya dunia, lakini lilitosha kwa dolari 400 zetu.

Kisha tulichomeka mikseri na ampli kwa multiprizi moja. Mmmm ikaisha. Bei: zero.

Lakini sikuandika juu ya hiyo tu. Waimbaji wawili walisema mikro huwa inawauma midomo kidogo kidogo. Fundi alipofungua tablo, akakuta waya za tere za prizi zimefungwa pamoja vizuri, ila ile ya kushuka mu udongo imekatwa. Jengo zima halikuwa na tere. Tulikuwa tunajadili madini ya kisanduku, na watoto wa kwaya wanaweka mdomo kwa chuma kisicho na kinga.

Franga zikaenda pale: fimbo ya tere, waya ya shaba, na disjonkteri diferensieli ya miliampere 30. Hii ya mwisho wengi wanaisahau. Fanya hesabu: fimbo yenye ukinzani wa omu 100, volti 220, inapitisha ampere 2.2 tu. Fizibo ya ampere 16 haitajua kitu. Diferensieli inalinganisha umeme wenye kwenda na wenye kurudi, na kidogo kikikosekana, inakata.

Kwa fimbo, udongo unasema. Umeme unapita mu maji yenye chumvi kati ya chembe za udongo. Njo maana sisi tunapima chumvi ya shamba kwa umeme. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unapitisha vizuri, mchanga mkavu unakataa. Hapa kwetu kiangazi kinakausha udongo wa juu, basi shusha fimbo mita 2 kama inawezekana, pale maji ya jikoni yanamwagika, si chini ya baraza kavu. Fundi apime mwezi wa nane ao wa tisa, si wakati wa mvula tu.

Ndugu zangu, ukisikia mmmm, chomeka vyote pahali pamoja mbele ya kununua kitu. Usikate waya ya tere hata siku moja, hata kama makelele inaisha: utapata kimya, na mtu wa kwanza kushika mikro njo atalipa. Na akija mwenye kisanduku, mukaribishe, mupe kiti, muombe mara 8 nyuma ya pazia.