Masharti ya Uongozi na Wanaoyafuta

Wanachama wetu, Mkutano Mkuu umekaribia, na miongoni mwa mambo yatakayoletwa ni ombi la kufuta lile sharti linalomkataza mjumbe wa Halmashauri yetu kukodi mikarafuu ya mwanachama kabla ya msimu. Kabla hamjalijadili, twapenda kuwakumbusha habari moja ya nchi yetu iliyo jamaa ya hii.

Tarehe 5 Februari, 1967, chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha, na ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yo yote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, asipokee mishahara miwili, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 serikali ikazichukua huko Bara nyumba za kupangisha zilizofikia thamani ya Shs. 100,000. Nyumba iliyozidi miaka kumi, mwenyewe hakupata fidia hata senti moja.

Sisi tuliolelewa katika kuheshimu mirathi na mali ya halali hatuoni dhambi katika nyumba ya pili. Mzee aliyejenga banda la kumlisha siku atakaposhindwa kuparamia mkarafuu hakumwibia mtu. Lakini sharti likisha kuwekwa, na limfunge kwanza aliyeliweka.

Bibi Titi Mohamed, aliyewaita wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU tangu mwaka 1955, alikuwa na nyumba za kupangisha. Sharti hakulikubali, akasema, akaacha nafasi yake katika Kamati Kuu mwaka ule ule wa 1967. Mtu aweza kumlaumu kwa mengine, si kwa unafiki. Mwalimu Nyerere naye aliyaweka masharti na akaishi nayo. Hilo hata sisi tusiopenda siasa yake ya mali twamshuhudia. Tatizo letu ni wale wa katikati, waliohubiri usawa jukwaani huku wakipandia magari yaliyowafanya watu wa mitaani wawabandike jina la Wabenzi. Chuoni tulifundishwa alama za mnafiki tungali hatujui hata kufunga shuka.

Februari 1991 ikafika. Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti: hisa ruksa, ukurugenzi ruksa, mishahara miwili ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Mwalimu, aliyekuwa ameacha uenyekiti wa chama mwaka 1990, hakuficha kwamba hakupendezwa. Sisi hatugombani na ruhusa yenyewe. Twauliza nani alimruhusu nani. Waliofungwa na sharti ndio walioketi wakajifungua, na Bibi Titi alikuwa amekwisha kuondoka miaka 24 nyuma kwa jambo hilo hilo. Mkuki kwa nguruwe.

Basi turudi kwetu. Sharti letu liliwekwa kwa sababu moja. Mwanachama akifikiwa na ada ya shule, au maradhi, au arusi ya binti, hukodisha miti yake kwa bei ya shida, na mjumbe wa Halmashauri ndiye anayeona katika daftari nani ameomba mkopo na nani amekosa. Ajua shida ya mwenziwe kabla mwenyewe hajaitamka. Wanaotaka sharti liondolewe watuambia kwamba wajumbe nao ni wakulima na wana haki ya kufanya biashara. Ni kweli wanayo. Wanachama mia moja wakiinua mikono kulifuta, tutaandika hivyo katika kumbukumbu bila kinyongo.

Ila jambo hili halitakatwa ndani ya chumba cha Halmashauri. Mjumbe anayetaka sharti lifutwe atasimama mbele ya mkutano, ataje jina lake, na ataje miti aliyokwisha kuikodi, kama ipo. Daftari la mikopo litakuwa juu ya meza tangu saa mbili asubuhi.