Gesi ya AC ya trekta si "upepo wa baridi" tu

Jumamosi moja kabla ya masika nilikuwa kwenye gereji ya uani huko Chamazi, njia ya kwenda Mbande, nikisubiri gari langu. Pembeni lilisimama trekta kuukuu lenye kebini ya vioo, lililonunuliwa mtumba kutoka Ulaya. Mwenyewe hulikodisha kwa wakulima wa Mkuranga, na dereva wake alikuwa amegoma kuliendesha mpaka AC irudi.

Kijana fundi alinisalimia, "Shikamoo dokta," huku akifungua mpira wa mtungi wa gesi kwa mikono mitupu. Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, mpira ulichomoka. Gesi ikampiga kidoleni na ncha yake ikageuka nyeupe kama mshumaa. Akacheka. "Huu upepo wa baridi tu, dokta." Kisha akakimbilia jiko la mkaa la mama ntilie ili akipashe moto.

Nilimzuia, msomaji wangu, na sababu zangu ndizo makala ya leo.

Kwanza tusimcheke yule dereva. Kebini ya vioo juani hushika joto kuliko hewa ya nje. Mtu hutokwa jasho jingi, kichwa huuma, hupata kizunguzungu, na akiendelea huanza kuchanganyikiwa, naye yuko juu ya mashine yenye plau nyuma. Akifungua mlango na madirisha anavuta vumbi na kumezwa na kelele. Kwa hiyo kutengeneza AC ni jambo la afya. Tatizo ni namna linavyofanywa.

Gesi iliyo kwenye AC nyingi za magari na matrekta, R134a, huchemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri. Ikichuruzika kwenye ngozi huvuta joto lote pale ilipogusa na nyama huganda. Ganzi inayofuata ndiyo inayodanganya, kwa sababu mtu hasikii maumivu na haoni hatari. Ukiweka kidole hicho kwenye moto unaunguza nyama isiyoweza kukuonya. Usikisugue pia. Kitie kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, mpaka rangi irudi, kisha nenda ukaonwe. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Glavu nene na miwani ya kazi ni bei ndogo mno ukilinganisha na jicho.

La pili halionekani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini. Kwenye shimo la gereji au kebini iliyofungwa hufukuza hewa ya kupumua, na mtu huanguka bila hata kukohoa. Ikivutwa kwa wingi huvuruga pia mapigo ya moyo. Fanyeni kazi hiyo nje, milango wazi. Mwenzako akianguka shimoni usimrukie, maana mtakuwa wawili. Piga Zimamoto 114.

Na sigara? Gesi hizi zikipita kwenye moto huvunjika na kuwa mvuke wa tindikali. Ile ya zamani, R12, hutoa pia fosijini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Aliyeivuta anaweza kujiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Ukibanwa kifua baada ya kazi hii usilale nyumbani "uone kesho". Mwambie daktari ulikuwa unashughulika na gesi ya AC.

R12 ndiyo hasa shida ya matrekta ya zamani. Yale yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yaliundwa kwa ajili yake. Gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya jua iletayo mtoto wa jicho na saratani ya ngozi, na ndugu zetu wenye ualbino wanajua uzito wa jambo hilo. Ilipangiwa kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, na mwisho wa kuitengeneza katika nchi zinazoendelea ulikuwa 2010. Anayekuuzia mtungi wa R12 leo, muulize kuna nini ndani. Wala R134a haimiminwi tu juu yake, kwani mafuta ya kompresa ni tofauti. Mfumo husafishwa, mafuta na kichujio cha unyevu hubadilishwa.

Kuna mafundi hutia gesi ya kupikia. Inapoza, sikatai. Lakini ikivuja kebinini, cheche moja ya swichi inatosha, na dereva amefungiwa ndani ya vioo.

Gesi ya AC hailiwi kama dizeli. Ikipungua, imevuja mahali. Fundi atafute tundu kwanza, kwa nitrojeni na povu la sabuni. Asijaze oksijeni ya kuchomelea, maana ikikutana na mafuta ndani inalipuka. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine na kuhifadhiwa, isiachiwe hewani. Kopo la kujazia lisiunganishwe kamwe upande wa presha kubwa injini ikiwa inawaka, linaweza kupasuka mkononi.

Na kabla ya yote hayo, osha kondensa na ukung'ute filta ya kebini. Trekta hula vumbi na makapi, na mara nyingi AC inayosingiziwa kuishiwa gesi imezibwa pua tu. (Filta hiyo ya vumbi, kwa taarifa yako, haizuii mvuke wa viuatilifu. Anayepulizia dawa anahitaji ya mkaa maalumu.)

Kijana wetu tulimtia kidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa karibu nusu saa. Rangi iliporudi ndipo maumivu yalipoanza, akaacha kucheka. Kesho yake kilitoa lengelenge. Nilimwambia asilitumbue, akafungwe bandeji safi zahanati. Nilipopita tena alikuwa chini ya gari jingine, amevaa glavu ya mkono mmoja.